PS4 mbili zilizolipa deni la PS5: kisa cha banda la gemu kando ya ziwa, Mwanza

Kuhusu kisa hiki

Banda linalozungumziwa, la kucheza gemu za video kwa kulipia, hasa kwenye mashine za PlayStation (PS) za Sony, liko Mwanza, upande wa Ilemela, mwendo mfupi kutoka mwalo wa samaki. Mwenye banda ameniruhusu nikiandike kisa chake kwa sharti kwamba jina lake, mtaa, kikoba alichokopa na mafundi wake visitajwe. Bei nimezisogeza kwenye namba nzima ili zisomeke kwa urahisi.

Kazi yangu ni kusaidia vikundi vya kuweka na kukopa kupitia hesabu za wanachama. Daftari la banda hili lilinifikia wakati kikundi kikikagua mikopo iliyochelewa, na yeye hakuwa miongoni mwa waliochelewa. Alirejesha kila mwezi, tena kabla ya tarehe. Ndiyo maana daftari lilinishangaza: mkopo ulikuwa safi, na biashara iliyoukopea ilikuwa inazama.

Banda lilivyokuwa

Ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, chenye benchi ndefu na televisheni za inchi 32 ukutani. Kodi ni Sh 80,000 kwa mwezi, na mama mwenye nyumba anapokea kwa miezi mitatu mitatu. Kijana mmoja hushinda pale akikusanya hela. Mwanafunzi mwenye sare haingii. Sheria hiyo iliwekwa na mwenyekiti wa mtaa, na inafuatwa zaidi pale mwenyekiti anapopita.

Mechi moja ni Sh 500, na anayefungwa ndiye anayelipa. Kila kipindi ni dakika tano. Ukijumlisha mapumziko, marudio ya magoli na ubishi, saa moja inatoa mechi nne. Kwa hiyo mashine inayochezwa bila kupumzika inaingiza Sh 2,000 kwa saa. Hiyo ndiyo namba ya kushika kichwani hadi mwisho wa kisa.

Wateja ni vijana wa mtaani, bodaboda na wavuvi wa dagaa. Hawa wa mwisho wana kalenda yao. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti kitu, mitumbwi inabaki mwaloni, na vijana wana hela ya giza lililopita pamoja na muda wa kuitumia. Ukisoma mapato ya banda hili siku kwa siku unaweza kukisia mwezi ulikuwa wapi angani. Mwenye banda analijua hilo vizuri, ila hakuwahi kulitumia kupanga chochote. Nitalirudia.

Mfululizo wa matukio

Alianza na PS3 mbili za mtumba, diski zake zikiwa zimejaa gemu za kunakili. Kunakili gemu ni kuvunja hakimiliki, na simshauri mtu kufungua biashara juu ya msingi huo, lakini kisa hakieleweki bila kulisema: gharama yake ya gemu ilikuwa sifuri.

Mashine zenyewe hazikumsumbua sana. Kilichozizeesha ni mpira. Gemu ya mwisho ya mpira ya FIFA kutolewa kwa PS3 ilikuwa FIFA 19, iliyotoka Septemba 2018. Ndani yake Messi yuko Barcelona na Ronaldo yuko Juventus, na humo watakaa milele. Agosti 2021 Messi alihamia PSG, Ronaldo akarudi Manchester United, na wateja wakaanza kucheka. PS3 zilikuwa zinawaka kila asubuhi bila shida yoyote, ila kazini zilikuwa zimeshastaafu. Alizibakiza kwa watoto, gemu za magari, kwa Sh 200.

Mwaka huo alinunua PS4 ya toleo la kwanza, lile nene, kwa Sh 600,000 za akiba. Mwaka uliofuata akaongeza PS4 Slim, toleo jembamba. Zote zilitumia diski halisi, moja kwa kila mashine, na kila msimu alinunua mpya. Kwa zaidi ya mwaka mmoja banda lilikwenda vizuri, kodi haikuchelewa, na aliweka hisa kikobani.

Hapo kati ndugu mmoja alimuuzia Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, kwa bei ya kutupa. Ilifanya kazi majuma machache, ikawasha taa nyekundu, ikafa. Bado iko juu ya kabati. Ugonjwa huo ni maarufu: joto la kupanda na kushuka lilivunja miunganisho ya chipu ya picha, na Julai 2007 Microsoft ilirefusha dhamana ya mashine hizo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kugharamia. Dhamana hiyo iliisha zamani kabla mashine haijafika Mwanza.

Mwishoni mwa 2023 mambo mawili yalikuja pamoja. Jirani wa mitaa miwili mbele alileta PS5. Na ile PS4 nene ikaanza kunguruma, kisha kujizima katikati ya mechi na kutoa onyo la joto. Fundi wa kwanza aliitazama kwa nje, akasema bodi imekufa, auze vipuri.

Aliamua haraka. PS3 mbili ziliuzwa kwa Sh 350,000, akiba ikatoa Sh 300,000, kikoba kikatoa Sh 1,000,000 kwa miezi sita na riba ya asilimia 10. Mwisho wa Januari 2024 PS5 iliwashwa bandani kwa jumla ya Sh 1,650,000. Marejesho: Sh 183,000 na ushee kila mwezi, kuanzia Februari.

PS5 ilitoza Sh 1,000 kwa mechi. Majuma ya kwanza kulikuwa na foleni hadi nje. Kisha jirani akashusha yake hadi Sh 500, na foleni ikahamia kule ndani ya siku moja. Mwenye banda letu naye akashusha. Tangu hapo PS5 na PS4 zilitoza bei ileile, na wateja waliingia kwenye iliyokuwa wazi. Hakuna aliyekaa kusubiri PS5 huku PS4 iko tupu, isipokuwa wavuvi siku za mbalamwezi.

Mwezi Machi pedi moja ya PS5, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, ilivunjika kwenye kitufe cha R2. Mpya ilikuwa Sh 200,000. Mwezi huohuo alimpelekea fundi wa pili ile PS4 iliyotangazwa kufa, akitaka tu kujua vipuri vina thamani gani.

Nilikuwepo fundi alipoifungua. Alitumia bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, akanyanyua mfuniko, na kabla hajagusa kitu chochote akaita, “Kaka, njoo uone shamba lako.” Mapanga ya feni yalikuwa yamevaa vumbi la kijivu lililoshikamana, na ndani ya vumbi zilionekana mbawa za wale wadudu wa ziwani wanaojaa taani usiku. Chini ya pawa saplai kulikuwa na mende wawili wakavu na maganda ya mayai. Dawa ya kupozea juu ya chipu ilikuwa imekauka, inamenyeka kwa ukucha.

“Haijafa hii,” fundi alisema. “Inakosa hewa. Unaiweka wapi?”

“Kwenye kabati, chini ya tivii.”

“Na taa ya banda iko wapi?”

“Mlangoni, juu ya kabati.”

“Basi wadudu unawaita mwenyewe, kaka, halafu unawalaza ndani.”

Kusafisha na kupaka dawa mpya kulimgharimu Sh 25,000. Mashine ilirudi bandani, ikapandishwa kwenye rafu ya wazi, taa ikahamishiwa nje, na imekuwa ikifanya kazi hadi leo.

Julai alimaliza mkopo. Mwisho wa mwezi huohuo aliiuza PS5 kwa mtu aliyeitaka nyumbani, Sh 1,350,000. Kwa hela hiyo alinunua PS4 Slim mbili za mtumba kwa Sh 550,000 kila moja, na salio akanunulia kifaa cha kulinda umeme, wavu wa dirishani na vipuri vya pedi.

Maamuzi na sababu zake

Nilimuuliza kwa nini PS5. Alitoa sababu tatu, na zote zilikuwa na mantiki wakati huo. Ya kwanza, jirani. Ya pili, aliamini mashine mpya itadumu kuliko ya mtumba, na alikuwa ametoka kuambiwa PS4 imekufa. Ya tatu, kulikuwa na maneno mjini kwamba msimu unaofuata gemu ya mpira haitatoka tena kwa PS4.

Sababu ya nne hakuitaja, nikaiona kwenye kumbukumbu za kikundi. Mwezi ule kikoba kilikuwa na hela nyingi kapuni na wakopaji wachache. Mwekahazina alikuwa anamtafuta mtu wa kukopa. Katika visa vya mikopo midogo hili hutokea sana, mkopo ndio unamtafuta mwenye wazo, na wazo la kwanza mezani ndilo linabebwa.

Uamuzi wa kumpa fundi wa pili ile PS4 haukuwa uamuzi hasa. Alitaka bei ya vipuri tu. Nautaja kwa sababu ndio uliookoa banda, na ulipatikana kwa nauli ya daladala.

Uamuzi wa kuuza PS5 ulitokana na daftari. Tulikaa naye tukagawa kila gharama kwa saa za kuchezwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Alikuwa anahesabu mashine kwa bei ya kununulia tu: hii ya laki sita, hii ya milioni moja na ushee.

Hesabu ya saa

PS4 nene kwanza. Alinunua kwa Sh 600,000, na kwa soko la mjini akiiuza baada ya miaka miwili ya kazi anapata kama Sh 250,000. Imechezwa wastani wa saa sita kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kwa hiyo saa 3,600 kwa miaka miwili. Thamani iliyopotea ni Sh 350,000, sawa na Sh 97 kwa saa. Diski za msimu, mbili kwa Sh 120,000 kila moja, ni Sh 67 kwa saa. Kusafishwa kila miezi mitatu, kama ingefanyika inavyotakiwa, ni Sh 56. Umeme: mashine na televisheni pamoja hula kama uniti 0.2 kwa saa, na uniti inagharimu zaidi kidogo ya Sh 350, hivyo Sh 70. Pedi, kwa maana ya analogi (vijiti vya kumwongozea mchezaji), betri na mpya za kufidia, ni kama Sh 20,000 kila mwezi, yaani Sh 133 kwa saa.

Jumla ni Sh 423. Angalia ni kipi kikubwa kuliko vyote. Pedi zinakula hela kuliko mashine.

Mwenye banda alikataa kuamini hadi tulipojumlisha stakabadhi. Lakini ukikaa bandani nusu saa unaelewa. Mchezaji wa mpira hutumia analogi ya kushoto na R2 ya kukimbilia, hizo mbili tu, kwa nguvu, mikono ina jasho, na ikifika dakika ya 85 amefungwa anazikamua kana kwamba goli liko ndani yake. Ndani ya analogi kuna kijiti kinachosugua kipande cha kupima mkao. Kikilika, mchezaji anatembea peke yake uwanjani, wateja wanasema pedi inavuta, na anayefungwa anakataa kulipa. Ubishi huo nao ni gharama, sijaweza kuuwekea bei.

PS5 sasa. Ilikaa miezi sita, siku 150 za kazi, wastani wa saa tano kwa siku: saa 750. Thamani iliyopotea ni Sh 300,000, yaani Sh 400 kwa saa. Riba Sh 100,000, ni Sh 133. Gemu moja ya Sh 170,000, ni Sh 227. Pedi mpya moja na matengenezo ya Sh 40,000, ni Sh 320. Umeme Sh 90. Jumla Sh 1,170.

Kwa bei ya Sh 500 kwa mechi, saa moja ya PS4 inabakiza Sh 1,577 kabla ya kodi na mshahara wa kijana. Saa ya PS5 inabakiza Sh 830. Majuma ya Sh 1,000 yalisaidia, ila yalikuwa machache.

Na mkopo? PS5 ilikuwa inaingiza kama Sh 250,000 kwa mwezi. Toa marejesho, umeme na fungu lake la kodi na mshahara, unabaki mikono mitupu, na pedi ya R2 haijanunuliwa bado. Iliyonunua pedi hiyo ni PS4 Slim. Iliyojaza mapengo ya marejesho kuanzia Aprili ni PS4 nene, ile iliyokuwa iuzwe vipuri. Kikundi kiliona mkopaji mzuri. Hakikuona kwamba mashine iliyokopewa haikuwa inajilipia.

Kwa nini hasara ya mtengenezaji haifanani na hasara ya banda

Hapa pana jambo ambalo wenye mabanda wengi wanalichukulia kinyume. Wanasikia kwamba Sony na Microsoft huuza mashine kwa hasara, wanaona basi bei ni ya kutupa, mnunuzi ndiye anayefaidi.

Hasara ni ya kweli. PS3 ilipotoka 2006, toleo la dola 499 lilikadiriwa na kampuni ya iSuppli kuwa na gharama ya dola zipatazo 800 kulitengeneza. Mwaka 2021 Lori Wright, mmoja wa wakuu wa Xbox, aliulizwa chini ya kiapo katika kesi ya Epic, kampuni ya gemu, dhidi ya Apple kama Microsoft imewahi kupata faida kwenye uuzaji wa mashine zenyewe, akajibu hapana. PS5 nayo ilianza kwa hasara Novemba 2020; Agosti 2021 Sony ikasema ile ya dola 499 haiuzwi tena kwa hasara.

Fidia inatoka kwenye gemu. Mwenye jukwaa kwa kawaida huchukua kama asilimia 30 ya bei ya kila gemu inayouzwa kwenye duka lake la mtandaoni, na juu ya hapo kuna ada za uanachama za kucheza mtandaoni. Mashine ni mlango tu. Mteja wa Ulaya anayenunua gemu nyingi kwa miaka saba ndiye anayeijaza ile hasara ya mwanzo.

PS3 za banda letu zilikuwa upande mwingine wa hesabu hiyo. Mtu wa kwanza, huko zilikotoka, ndiye alilipa. Zilipofika Mwanza zilikuwa zimeshashuka bei, na gemu zilinakiliwa bure. Banda lilikuwa linaishi kwa ruzuku ya wengine bila kujua. PS4 zilipunguza ruzuku hiyo, diski zikawa za kununua. PS5 iliimaliza kabisa: mashine mpya, bei kamili pamoja na usafirishaji na faida ya muuzaji wa mjini, gemu ya bei kamili, pedi ya bei kamili. Bandani watu wanacheza ubavu kwa ubavu, kwa hiyo uanachama wa mtandaoni hauhitajiki, na hiyo ndiyo ahueni pekee.

Mtengenezaji anaweza kupoteza dola 100 leo kwa sababu ana njia zaidi ya moja za kuzirudisha. Banda lina njia moja, ile Sh 500, na jirani ndiye anayeipanga.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kuuza kwa Sh 1,350,000 kulionekana kama ujanja, na yeye mwenyewe hujisifia. Kwa maoni yangu ilikuwa bahati ya kizazi hiki cha mashine. Zamani bei zilikuwa zinashuka kwa kasi. PS2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000 na kufikia Aprili 2009 ilikuwa dola 99, kwa sababu chipu zilizidi kuwa ndogo na nafuu kila mara. Safari hii chipu ndogo zaidi zimekuwa ghali, na mambo yamegeuka: Sony ilipandisha bei ya PS5 Ulaya, Uingereza, Japani na kwingineko Agosti 2022, na Agosti 2025 ikapandisha Marekani, ile yenye diski ikawa dola 549. Mashine mpya ikipanda, ya mtumba haishuki. Angefanya kosa hilohilo zama za PS3, angeuza kwa nusu ya bei.

Kwa hiyo matokeo mazuri yasitumike kuutetea uamuzi wa kukopa. Mkopo wa miezi sita uliwekwa juu ya kitu kinachojilipa kwa miaka. Tulifanya hesabu ya pili: PS5 ileile, bila mkopo, ikikaa miaka mitatu kwa saa tano kwa siku, ni saa 4,500. Tukichukulia itauzwa Sh 900,000 mwishoni, thamani inayopotea ni Sh 167 kwa saa. Gemu moja kila msimu ni Sh 113, umeme Sh 90. Hata pedi ikibaki palepale Sh 320, jumla ni Sh 690, na inabaki Sh 1,310. Hiyo haiko mbali na PS4. Mashine haikuwa mbovu kwa banda. Muda wake na hela iliyoinunua ndivyo havikulingana.

Kuhama kwenda PS4 Slim mbili kulifanya kazi mara moja, kwa sababu viti viliongezeka wakati wa foleni ya mbalamwezi na umeme wa Slim ni mdogo. Lakini naweka alama ya kuuliza hapa, na mwenye banda hapendi niitaje. PS2 ilitoka mwaka 2000 na ilipata gemu za mpira hadi FIFA 14 ya mwaka 2013. PS3 ilitoka 2006 ikapata hadi FIFA 19 ya 2018. Miaka kumi na mitatu, kisha kumi na miwili. PS4 ilitoka Novemba 2013. Yale maneno ya mjini ya 2023 yalikosea, FC 25 na FC 26 (FC ndilo jina jipya la gemu za FIFA) zote zimetoka kwa PS4, ila yalikosea tarehe tu. Siku gemu ya mpira itakapoacha kutoka kwa PS4, zote nne zitastaafu kwa pamoja zikiwa zinawaka vizuri, kama zile PS3, na bei yake sokoni itashuka majuma hayohayo kwa sababu kila banda la Mwanza litakuwa linauza.

Fundi wa kwanza alishindwa kazi rahisi. Simlaumu sana; kutangaza bodi imekufa ni haraka kuliko kufungua. Tatizo ni kwamba mwenye banda alitegemea sauti moja kwenye uamuzi wa zaidi ya milioni, ilhali kwenye kununua simu ya laki mbili huuliza watu watano.

Na ule mwezi wa angani. PS5 ilikuwa na wateja wake halali, wavuvi wenye hela ambao walikuwa tayari kulipa Sh 1,000 siku zao. Bei iliposhushwa ilishushwa kwa wote na kwa siku zote. Hakuna aliyejaribu bei mbili.

Hali ilivyo sasa

Baada ya kuona hesabu, kila usiku anatenga Sh 100 kwa kila saa iliyochezwa, kwenye laini ya simu ambayo kijana wa banda haijui PIN yake. Lengo ni PS5 ya taslimu kabla mpira haujaondoka kwenye PS4, na anapanga kuanza kwa kuuza Slim moja wakati bado ina bei.

Mashine zinafunguliwa na kusafishwa kila baada ya miezi mitatu, na mara moja zaidi baada ya majuma ya wadudu wengi. Kwenye pedi, fundi wa pili amemletea analogi za sumaku, ambazo hupima mkao bila kusugua. Ni ghali kuliko za kawaida. Pedi mbili za kwanza zimefungiwa kwenye ile PS4 nene, inayochezwa zaidi, na daftari limeongezwa safu ya kuandika tarehe zitakapoanza kuvuta.